Ile inhela ya kahawia niliiogopa bure

Mwanangu ana pumu, na hapa Majengo mvua zikianza ukuta unaota ukungu basi usiku hatulali, kifua kinalia kama filimbi. Daktari akatuandikia inhela mbili, ya bluu ya salbutamol na ya kahawia ya beclomethasone, mie nikasikia tu neno steroidi nikaificha ile ya kahawia kabatini miezi mitatu mzima, jirani kaniambia mtoto atadumaa.

Sasa yaani nilikuwa nampa ya bluu tu, tena na tena, mikono inamtetemeka hata kikombe cha chai kinamwagika na moyo unamwenda mbio. Kumbe ile inafungua njia ya hewa kwa masaa machache tu, uvimbe wa ndani hauugusi, na tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu, ya shirika la GINA, haishauri mtu mzima wala kijana kutegemea hiyo peke yake.

Ya kahawia ndiyo steroidi inayotuliza huo uvimbe, ila nayo ina madhara yake, sikatai. Urefu unaweza kupungua kama sentimita 1 hivi, sauti inakwaruza, na mwanangu alitoka utando mweupe kwenye ulimi kwa sababu hatukuwa tukisukutua. Lakini vile vidonge vya prednisolone, steroidi ya kumeza, ukivimeza mara kwa mara ndivyo vinavyokula mifupa na kupandisha sukari, wallahi hivyo ndivyo vya kuogopa zaidi!

Siku hizi ile ya kahawia anaivuta kwa spesa, kile kichupa cha plastiki kinachochomekwa kwenye inhela, asubuhi na jioni, halafu namshikia kikombe cha maji asukutue, ateme.