Neno nililomwambia Ami usiku wa kuamkia nusu fainali

Duka la Ami lilikuwa Usita wa Mui, hapa Lamu, na lilinuka sifa, yale mafuta ya papa, na kamba mpya. Aliuza misumari ya vyombo vya bahari, kitali cha matanga, rangi na makopo ya vanishi. Watoto wa mtaa mzima tulimwita Ami, ijapokuwa yeye ni Mbohora, Mwislamu wa asili ya Kihindi, na sisi si ukoo wake. Nyuma ya duka palikuwa na chumba chenye busati, kochi moja lililolegea na televisheni. Dishi lilikuwa juu darini, limefungwa kwa kamba ya jahazi ili kaskazi isiligeuze.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 19 Machi 2003. Kesho yake Kenya ingecheza na India huko Durban, nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Mpaka siku ile hakuna timu isiyokuwa na hadhi ya mechi za Test, zile ndefu za siku tano, iliyowahi kufika hatua hiyo.

Lamu ni mji wa kandanda, na mwanzoni mwa kombe lile tulikuwa watu watatu tu: Ami, Mjomba na mimi. Mjomba alikuwa nahodha wa mashua na kriketi aliijua nusu nusu, kwa kukaa na Ami. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Mombasa, na huko nilizoea kuuchungulia mchezo huu Mombasa Sports Club. Kisha tarehe 24 Februari Kenya ikaipiga Sri Lanka Nairobi kwa mikimbio 53, na mikimbio ndiyo alama za mchezo huu. Collins Obuya, kijana wa kurusha mipira ya kuzunguka, aliwatoa wapigaji watano na kuwaachia mikimbio 24 tu. Toka siku ile chumba kile kikawa kinajaa. Tulipowashinda Zimbabwe Bloemfontein, watu walikaa mpaka kwenye ngazi, na mama muuza mahamri akawa anauliza Tikolo, mpigaji wetu, amefika ngapi.

Basi Jumatano ile, baada ya Isha, tukawa tunapanga timu. Tulikubaliana karibu kila kitu. Kennedy Otieno afungue kupiga, maana siku kumi na mbili nyuma, Cape Town, aliwapiga India hao hao mikimbio 79. Aasif Karim arushe katikati, na hilo halikuwa na mjadala kabisa. Mwana wa Mombasa, alikuwa amekwishastaafu akaitwa tena, na Jumamosi iliyopita aliwatoa Waaustralia watatu kwa mikimbio saba tu. Tulikwama kwa namba tatu, mpigaji wa tatu kuingia.

Asiyeujua mchezo huu huona namba tatu ni namba tu. Mimi naiona ndiyo nafasi ngumu kuliko zote. Wawili wa mwanzo wanajua wataingia saa ngapi. Wa tatu anavaa pedi mchezo ukianza na hajui. Mwenzake akitolewa kwa mpira wa kwanza, anaingia mpira ungali mpya, mgumu, unayumba. Wenzake wakikaa saa nzima, anaukuta mpira umechakaa, na kazi yake inageuka kuwa ya kuharakisha. Anatakiwa awe tayari kwa yote mawili, naye amekaa kitako anangoja. Mjomba alilielewa hilo upesi. "Ni mtu wa kushika demani," akasema, yaani ile kamba ya tanga. "Upepo hujui utageuka lini, lakini kamba i mkononi."

Mimi nilimtaka Steve Tikolo. Ndiye nahodha wa timu, ndiye mpigaji bora wa nchi, kwa nini angojeshwe? Nikawakumbusha mwaka 1996 kule Kandy, Sri Lanka walipotupiga 398 na Tikolo akajibu peke yake kwa 96, akabakiza minne tu kufika mia.

Ami alimtaka Hitesh Modi. Alieleza taratibu, anachora kwa kidole juu ya busati. Zaheer Khan na Nehra, warushaji wa India, wote wawili wanarusha kwa mkono wa kushoto. Mpira wao ukiyumba humwingilia miguuni mpigaji wa mkono wa kulia. Modi anapiga kwa kushoto. Kwake yeye mpira ule unakuja kwa njia aliyoizoea. Na si mtu wa papara. Akae pale, aumalize ule upya wa mpira, ndipo Tikolo aingie. "Ukimpoteza Tikolo mapema," alisema, "nyumba imeanguka na watu wamo ndani."

Ilikuwa hoja nzuri. Leo najua ilikuwa nzuri kuliko yangu. Lakini nilikuwa na miaka 18, chumba kimejaa wenzangu, na nilishaanza kushindwa. Nikasema, na nilisema kwa sauti: "Ami, wewe wamtaka Modi kwa kuwa ni Mhindi mwenzio. Na huyo kesho atawapigaje Wahindi wenziwe kwa moyo?"

Wenzangu wawili walicheka, kisha wakaacha.

Ami hakupandisha sauti. Alikunja daftari lake la hesabu, akakusanya vikombe vya kahawa kimoja kimoja, hata vile ambavyo havijaisha. Kisha akanitazama. "Mimi nimezawa papa Amu," akasema. "Babangu kazawa papa. Babu yangu kazikwa papa." Akanyamaza kidogo. "Kesho mlango utakuwa wazi. Anayetaka kuja na aje." Kiamu chake kilikuwa kizito kuliko changu mimi niliyekaa Mombasa.

Njiani Mjomba hakusema neno mpaka tulipofika dakani kwetu. Pale akasimama. "Jahazi la babu yako," akasema, "misumari yake ilitoka duka lile, kwa mkopo, na babake Ami hakuandikiana naye hata kijikaratasi. Mashua ninayotembeza mimi, kitali chake kimetoka wapi?" Akaingia ndani akaniacha nje na kiza.

Asubuhi nilikwenda mpaka kona ya duka mara mbili, nikarudi mara mbili. Neno la kuomba radhi nilikuwa nalo mdomoni, lakini kila nilipofika palikuwa na mteja, nami nikafurahi kuwa pana mteja. Halafu mji mzima ukawa na habari nyingine, maana alfajiri ile Marekani ilikuwa imeanza kuipiga Baghdad. Wazee mabarazani walikuwa na redio masikioni. Alasiri walipokuja kwa Ami walitaka habari za Irak. Wakapatana kwamba mchezo uonyeshwe, na timu zikipumzika kati ya zamu mbili, iwekwe Baghdad.

Nilisimama mlangoni, karibu na magunia ya kitani cha kukalafati, sikuthubutu kukaa. Kutoka pale sikuiona televisheni vizuri. Nilichokiona ni mgongo wa Ami. India walianza kupiga. Tendulkar alifika 83. Ganguly alikaa mpaka mwisho, 111 bila kutolewa, na kila alipoupiga mpira ukavuka mpaka bila kugusa chini, Ami alijipiga paja kwa kiganja na kuinama kana kwamba aliyepigwa ni yeye. India 270 kwa wiketi nne, yaani wapigaji wanne tu waliotolewa. Hesabu ile ilikuwa kubwa, lakini tulishawashinda mara mbili kabla, Gwalior mwaka 1998 na Port Elizabeth mwaka 2001, na nilimsikia akiwaeleza wazee hivyo, akiwahesabia kwa vidole.

Kisha zikaja picha za Baghdad na chumba kikawa kimya kabisa.

Zamu yetu, wiketi za mwanzo zilianguka mapema. Tikolo akabaki anapigana, akafika 56, na alipotoka watu wengi waliinuka wakatafuta viatu vyao. Ami hakuinuka. Alikaa mpaka mpigaji wetu wa mwisho alipotolewa, tukiwa na 179. Tumeshindwa kwa mikimbio 91. Aliizima televisheni, akaanza kukunja busati, na mimi nikaingia nikashika ncha ya pili.

"Ami," nikasema, "niwie radhi kwa lile la jana."

Aliendelea kukunja. Tukakutana katikati na busati mikononi. Akasema, "Keti."

Akatoa daftari, si lile la hesabu za duka, jingine, jalada limeng'oka. Ndani mliandikwa kwa Kigujarati, safu kwa safu, nami siwezi kusoma hata herufi. Akafungua karatasi moja, akaweka kidole. "Gwalior, 1998. Kenya na India. Odumbe 83." Kidole kikashuka. "Ravi Shah 70." Kikashuka tena. "Hitesh Modi 51." Akaninyanyulia macho. "Kwa moyo au si kwa moyo?"

"Kwa moyo, Ami."

"Haya." Hakuongeza neno. Alinipa vikombe nikavioshe.

Miaka mingi imepita. Kenya ilipoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2014, na vijana wa leo nikiwaambia kwamba tulikuwa mmoja wa wanne bora duniani wananitazama kwa huruma. Inaniuma sana, na sitaacha kuwaambia.

Lakini wiki ile, Jumapili, nilipopita dukani Ami aliniita. Mwezi wa Aprili Kenya ingekwenda Sharjah kucheza na Pakistan, Sri Lanka na Zimbabwe. Alikuwa ameandika timu yake kwenye kipande cha karatasi ya kufungia misumari, safari hii kwa Kiswahili, moja mpaka kumi na moja. Namba tatu ilikuwa tupu. Akanipa kalamu.

Nikashika kalamu nikaanza herufi ya M.

"La," akasema. "Usiniandikie ninalolitaka mimi. Andika lako."

Nikaandika Tikolo. Akaichukua karatasi, akaivuta karibu na taa, akalikata jina lile kwa mstari mmoja, akaandika Modi juu yake, kisha akavuta kiti.

"Sasa sema," akasema. "Kwa nini Tikolo?"