Kaa 180 bila mnunuzi: nilivyopita mwaka 2020

Januari 2020 nilikuwa na kaa 180 kwenye vizimba vyangu mikokoni Mbweni, Dar es Salaam, kila mmoja na chumba chake, maana ukiwachanganya wanakulana. Kazi yangu ni kunenepesha. Nanunua kwa wavuvi kaa watupu, wale waliojivua gamba karibuni, nawalisha vichwa na matumbo ya samaki kutoka Kunduchi kwa wiki tatu au nne mpaka wajae. Unamjua kwa kumbonyeza na kidole gumba upande wa tumboni, karibu na miguu ya nyuma. Pakibonyea, mrudishe majini. Pakikaza, huyo ni wa kusafiri.

Safari yenyewe ilikuwa China. Mwaka Mpya wa Wachina uliangukia tarehe 25 Januari, na kabla ya hapo bei hupanda, hasa ya majike wenye mayai. Mzigo wangu wa kwanza ulikwenda vizuri. Nikaongezea mkopo wa kikoba, nikajaza vizimba upya. Tarehe 23 Wuhan ikafungwa. Siku chache baadaye wakala niliyekuwa namuuzia kaa wa kwenda China akanipigia.

"Dada, usilete mzigo. Kule migahawa imefungwa."

"Kaka, hawa wameshaanza kujaa. Niwapeleke wapi?"

"Wasubirishe kidogo."

Kaa hasubirishwi. Usipomlisha anakonda, ukimlisha anakula mtaji. Akifa anaharibika upesi mno, humuuzi kwa bei yoyote. Na wakala alikuwa bado ana deni langu la mzigo wa kwanza.

Nikapunguza lishe nusu, nikaanza kutafuta soko. Soko la samaki la Feri walinipa bei ya kuliza. Majirani zangu wengi hawali kaa kwa sababu ya dini, na hilo naliheshimu. Nikategemea hoteli. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini, wageni wakakatika. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa, na masanduku ya kaa husafiri humo humo, tumboni mwa ndege za abiria. Kufikia hapo nilishazika kaa zaidi ya 40. Nilikuwa nawatoa kizimbani alfajiri maji yakitoka, nalia.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Upanga. "Mwanangu, kaa nampenda, ila akiwa hai namwogopa. Niletee aliyekwisha tengenezwa."

Basi nikaanza kuwatengeneza nyumbani. Unamlaza kwenye maji ya barafu mpaka atulie kabisa, hapo hahangaiki wala hang'oi magando yake. Unabandua gamba la juu, unatoa yale matamvua ya kijivu, unaosha, unampasua katikati, magando unayagonga kidogo ili mchuzi uingie. Mayai ya rangi ya chungwa nilikuwa nayaacha, ndiyo utamu wenyewe. Kilo moja moja kwenye mfuko, barafu juu, bodaboda anaondoka. Picha nilituma kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila mteja nilimwandikia namna ya kupika: tui zito, ndimu, pilipili mbichi, usiache jikoni muda mrefu.

Wakala alikuwa ananilipa shilingi 20,000 kwa kilo. Mjini niliuza 12,000, usafiri juu ya mteja. Faida haikuwepo, lakini vizimba vilibaki wazi kwa mpangilio wangu, wala si kwa vifo. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili nilipumzika, kisha Idi ikaleta oda nyingi kuliko nilivyotarajia. Kikoba nilikimaliza Agosti.

Anga ilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, ila wakala alinitafuta baadaye sana. Alitaka mzigo kwa mali kauli kama zamani. Nikamwambia, "Kaka, kwanza lile deni. Halafu pesa mkononi kabla sijafunga sanduku." Alinuna wiki mbili, akaja na hela yote. Nikampa masanduku mawili tu. Kaa wengine walikuwa na wenyewe: kila Alhamisi mama wa Upanga anataka majike wanne, na siwezi kumwambia asubiri.