Kabla hujaongeza mafuta ya breki, soma kifuniko

Fungua boneti ya IST, Noah au Probox, tazama nyuma ya injini upande wa dereva. Kuna kikopo cha plastiki juu ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta hadi magurudumuni unapokanyaga pedali), na kwenye kifuniko chake pameandikwa kinachotakiwa kuingia humo. Uchaguzi wa mafuta ya breki unaanzia hapo. Ukianzia kaunta ya duka la spea, utauziwa yaliyopo.

Gari nyingi zilizotoka Japani zina maandishi ya Kijapani kwenye kifuniko hicho, na ndipo watu wanapokata tamaa na kukisia. Usikisie. Tafuta herufi BF. BF-3 ni alama ya kiwango cha Kijapani, JIS K 2233, na inalingana na DOT 3. BF-4 inalingana na DOT 4. Herufi DOT zenyewe ni za idara ya uchukuzi ya Marekani, ambayo kanuni yake ya usalama namba 116 ndiyo iliyopanga madaraja haya.

Kinachoyatofautisha zaidi ni joto la kuchemka. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 nyuzi 230, na DOT 5.1 nyuzi 260. Hayo ni mafuta yaliyotoka kwenye chupa sasa hivi. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 hivi, viwango hivyo vinashuka hadi 140, 155 na 180. Safu hii ya pili ndiyo ya kuitazama, kwa sababu gari haitembei na mafuta mapya maisha yake yote.

Maji yanaingiaje wakati kifuniko kimefungwa? Msingi wa mafuta haya ni glaikoli, kemikali ya majimaji inayochanganyika na maji, na inavuta unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi kwenye kibakuli Tanga. Unapitia kwenye tundu la hewa la kifuniko, na unapenya polepole hata kwenye mipira ya breki, yale mabomba laini ya magurudumuni. Kwa hiyo gari iliyolala tu uani miaka mitatu Mombasa au Dar es Salaam bado ina mafuta yaliyochakaa, hata kama haijatembea.

Sasa gari hiyo ishuke mlima kutoka Lushoto kwenda Mombo, au Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, dereva amekalia breki badala ya kuweka gia ndogo. Joto la diski linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), linafika kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Unakanyaga, pedali inazama, nguvu yako yote inaishia kubana mvuke. Tena hatari kubwa mara nyingi haiji mteremkoni. Inakuja ukishasimama Mombo kunywa chai: upepo uliokuwa unapooza diski umekwisha, joto linaendelea kuingia ndani ya kalipa, na unapoondoka unakuta pedali imelegea. Ikipoa breki zinarudi, na fundi atakwambia haoni tatizo.

Tofautisha hali mbili. Pedali ikizama au ikiwa laini kama sponji baada ya mteremko, shuku mafuta. Pedali ikiwa ngumu kawaida lakini gari haishiki, pedi ndizo zilizopata moto kupita kiasi, na kubadili mafuta hakutasaidia.

Kifuniko kikisema DOT 3, unaweza kuweka DOT 4. Zote ni za glaikoli, zinachanganyika, na raba za breki zinazivumilia. Kwa anayepita milimani au anayebeba mzigo, naona inafaa kulipa hiyo tofauti ya bei, mradi mafuta yabadilishwe yote na yasiwe ya kujazia tu juu ya ya zamani. Kinyume chake hapana: gari iliyoandikwa DOT 4 isiwekewe DOT 3. Kwa gari za Ulaya za miaka ya karibuni fuata kitabu chake neno kwa neno, maana baadhi zinataka DOT 4 nyepesi zaidi, ile ya daraja la 6 la kiwango cha kimataifa ISO 4925, ili pampu ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) ifanye kazi kwa haraka inayotakiwa.

DOT 5 na DOT 5.1 zinafanana jina tu. 5.1 ni glaikoli. DOT 5 ni silikoni, kwa kawaida ya zambarau, na haichanganyiki na hizo nyingine. Haivuti maji, jambo linalosikika zuri mpaka ukumbuke kwamba maji yakiingia yanabaki matone, yanashuka kwenye kalipa, yanaleta kutu na kuchemka kwenye nyuzi 100 tu. Pia inashika vipovu vidogo vya hewa, na ABS haiwezani navyo. Imo kwenye pikipiki za zamani za Harley-Davidson na gari za kijeshi za Marekani. Kwenye Vitz yako haina kazi.

Kosa baya kuliko yote ni kuongeza mafuta ya injini, ya pawa stelingi au ya gia, eti kujazia tu ufike nyumbani. Raba za breki zimetengenezwa kukaa na glaikoli. Zikiguswa na mafuta kama hayo, yanayotokana na petroliamu, zinavimba. Dalili unaiona kwenye kifuniko chenyewe: geuza, tazama raba nyeusi iliyo ndani yake. Ikiwa imetanuka, imejikunja mawimbi na hairudi vizuri mahali pake, basi raba za masta, za kalipa na za wili silinda (pistoni ndogo za breki za ngoma) nazo zimeanza hivyo hivyo. Breki zitang'ang'ania, magurudumu yatapata moto, kisha zitavuja. Hapo kusafisha peke yake hakutoshi. Kila chenye raba kinabadilishwa, mipira ya breki ikiwemo, na kifaa cha ABS kisiachwe bila kukaguliwa.

Ukitilia shaka mafuta ya chupa fulani, tia matone machache kwenye glasi ya maji na ukoroge. Glaikoli inayeyuka yote. Kikibaki kitu kinaelea, usikitie kwenye gari ya glaikoli.

Nunua chupa yenye lakiri isiyoguswa chini ya kifuniko na namba ya DOT iliyoandikwa wazi. Kwa kubadilisha yote kwenye gari ndogo, lita moja inatosha. Kwa kuongeza kidogo chukua ya ml 250, maana chupa iliyokaa wazi gereji kwa miezi imeshakunywa unyevu wake. Rangi isikudanganye: meusi ni machafu, lakini yanayong'aa yanaweza kuwa na maji mengi. Badilisha kila miaka miwili, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine.

Namna ya kubadilisha: nyonya ya zamani kikoponi kwa bomba la sindano, jaza mapya. Kwa usukani wa kulia, kawaida unaanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta, yaani nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Gari nyingine zina mpangilio wake. Vaa spana, mara nyingi namba 8 au 10, kwenye nati ya kutolea upepo, chomeka mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage na kushikilia, wewe fungua nusu mzunguko, funga kabla hajaachia. Rudia mpaka yatoke safi bila vipovu. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni, kwa sababu kwenye masta ya zamani raba zinapita sehemu yenye kutu ambayo hazijaizoea na kuchanika. Mafuta ya kikoponi yasishuke chini ya alama ya MIN hata mara moja, hewa ikiingia unaanza upya. Gari za haibridi (zenye injini na mota ya umeme) kama Prius na Aqua zina breki zinazoendeshwa kwa umeme. Hizo zipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kompyuta.

Kiwango kikishuka taratibu, pengine pedi zimelika, na ukijaza mpaka MAX yatamwagika siku utakapoweka pedi mpya. Kikishuka ghafla kuna uvujaji: chungulia ndani ya kila gurudumu, na nyuma ya masta inapokutana na busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako). Yakimwagikia rangi ya gari, mimina maji mengi papo hapo bila kusugua, maana glaikoli inabambua rangi.