Kidole Baada ya Neno la Mwisho

"Mstari ukiisha, kidole kinakaa wapi?" Mwanangu aliniuliza jana akisoma kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka ncha ikatua kwenye ukingo mtupu wa ukurasa. Sikumjibu upesi. Nilishakuwa mbali, kwenye usiku wa ile vekta, orodha ya namba ndani ya programu.

Mnajua nilivyokuwa siku zile: wiki chache tu za C++, lugha ya kuandikia programu, na tayari nawakosoa wenzangu. Kazi ilikuwa ndogo, kupita kwenye orodha ya namba na kufuta zote za shufwa. Iterata, yaani kidole cha programu juu ya namba moja, ianzie begin (mwanzo), isogee hatua moja moja kwa ++ mpaka end (mwisho), ikikuta shufwa iite erase (futa). Nilishasoma kwamba erase huiharibu iterata uliyoishika na kukurudishia nyingine iliyo halali, kwa hiyo niliipokea: it = v.erase(it). Nikajiona mwangalifu kweli.

Nikaweka 3, 4, 6, 7. Zikarudi 3, 6, 7. Ile 6 imekaa pale kama mgeni asiyejua kuaga. Nikaendesha tena, labda mara ya kwanza ilipitiwa. Ikabaki. Nikaongeza 8 mwishoni, programu ikaanguka. Hapo nikaitukana kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa programu, kwa sauti.

Mwenzangu wa meza ya nyuma hakugusa hata kibodi. Alichora visanduku vitano kwenye karatasi, akaniwekea kidole changu juu ya 4, akaifuta, akazisogeza zilizobaki.

"Chini ya kidole chako kuna nini?"

"6."

"Haya, sasa fanya ile ++ yako."

Nikasogeza. Kidole kikairuka 6 kikatua kwenye 7. Nikaona aibu inapanda.

"Endelea."

Nikafika 8, akaifuta. Kidole kikabaki kwenye karatasi tupu, pale hasa end ilipo, hatua moja baada ya namba ya mwisho. Lakini for yangu, kile kitanzi cha kurudiarudia, ilikuwa bado inadai ++ yake. Nikasogeza tena, nikaivuka end, na kwa kuwa sharti langu lilikuwa kusimama nikiwa juu yake tu, sikuwa tena na pa kusimama. Kidole kilikuwa kimeshatoka kwenye karatasi, kiko mezani.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: ++ ihamie kwenye else, yaani nisogee pale tu nisipofuta. Siku hizi, tangu C++20, naandika std::erase_if, inayofuta yenyewe bila mimi kushika kidole, na kulala. Ila sijui kama ningeiamini bila ule usiku, au huo ni ubishi wa mtu aliyeteseka tu.

"Kikae hapohapo," nilimwambia mwanangu hatimaye, "ila usisome kilichopo."

"Kwani kuna nini?"

Nikaanza kutafuta karatasi.