Jinsi Nilivyohamisha Muziki kutoka Seva ya Nyumbani hadi kwenye Flashi

Mkusanyiko wangu wa muziki unakaa kwenye seva ndogo ya nyumbani inayoendeshwa na Linux, na sehemu kubwa ya faili zake ni za FLAC, yaani muundo unaobana sauti bila kupunguza chochote kilichokuwamo kwenye CD. Ndani ya nyumba mpangilio huo hauna usumbufu, kwa kuwa kila kifaa huchota wimbo kupitia mtandao na seva ndiyo inayobeba kazi yote. Kazi ilianza nilipotaka muziki huohuo uwe kwenye flashi ya kuchomeka kwenye redio ya gari, pamoja na memori kadi ya kicheza muziki cha mfukoni, vifaa ambavyo havina mtandao wa kuvisaidia. Kunakili kwenyewe ni sehemu nyepesi kuliko zote. Jambo zito ni kuuandaa muziki ukubaliane na masharti ya kifaa utakachochezwa.

Sharti la kwanza linahusu namna flashi ilivyofomatiwa. Diski ya seva yangu inatumia ext4, mfumo wa Linux wa kupanga faili kwenye diski, ambao redio ya gari langu haiwezi kuusoma hata kidogo, kwa hiyo niliifomati flashi kwa FAT32, mfumo wa zamani wa aina hiyo unaosomwa na vifaa vingi. Ningeweza kuchagua exFAT, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006, lakini redio nyingi za zamani haziitambui, na faida yake kubwa ya kupokea faili inayozidi GB 4 haina maana kwa nyimbo za dakika chache. Kwa miaka mingi programu ya kufomati iliyomo ndani ya Windows imekuwa ikikataa kutengeneza FAT32 kwenye diski inayozidi GB 32, na hilo huwafanya watu wengi waamini kwamba FAT32 yenyewe haiwezi. Amri ya mkfs.vfat, inayofomati diski kwenye Linux, haina kikwazo hicho.

Baada ya hapo niliamua kutougusa mkusanyiko wa asili. Nilitengeneza kwenye seva folda ya pili, nikaifanya kuwa nakala ya safari, na mabadiliko yote nikayafanya humo. Najua uamuzi huu unakula nafasi ya diski, lakini naona ni afadhali kupoteza nafasi kuliko kubadilisha majina na miundo ya faili ambazo seva na programu zake zinazitegemea.

Ndani ya folda hiyo niligeuza FLAC kuwa MP3 za kilobiti 320 kwa sekunde kwa kutumia ffmpeg, programu ya kubadilisha miundo ya sauti na video. Sauti ya CD isiyobanwa huchukua takriban MB 10 kwa dakika, ilhali MP3 ya kiwango hicho huchukua kama MB 2.4, na ndani ya gari linalotembea, penye ngurumo ya injini na upepo, sikio langu halitambui tofauti yoyote. Kicheza muziki cha mfukoni kinasoma FLAC bila tatizo, kwa hiyo nyimbo za memori kadi niliziacha jinsi zilivyo. Kuna jambo dogo la lebo, yaani zile taarifa za jina la wimbo, msanii na albamu: ffmpeg huziandika kwa ID3v2.4, toleo mojawapo la mfumo wa lebo za MP3, isipoelekezwa vingine, na baadhi ya redio husoma toleo la 2.3 tu, jambo linalofanya kioo kionyeshe utupu. Kuongeza maneno -id3v2_version 3 kwenye amri kunatosha.

Majina ya faili ndiyo yaliyonichukulia muda mrefu zaidi. Linux huruhusu karibu kila alama kwenye jina isipokuwa mkwaju (/), lakini FAT32 hukataa nuktambili, alama ya kuuliza, nyota, alama za kunukuu na nyinginezo, na majina ya nyimbo yamejaa alama hizo. Isitoshe, FAT32 haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo folda mbili zilizotofautiana kwa herufi tu kwenye seva zitaingia katika folda moja kwenye flashi, na nyimbo zenye majina yanayolingana zitafutana kimyakimya. Niliandika hati fupi ya amri za kompyuta ya kubadilisha kila alama isiyoruhusiwa kuwa kistari cha chini, na kuorodhesha majina yanayogongana ili niyaamue mwenyewe.

Flashi niliichomeka moja kwa moja kwenye seva badala ya kupitisha faili zote kwenye Wi-Fi, kisha nikatumia rsync, programu ya kunakili inayohamisha faili mpya au zilizobadilika tu. Watu wengi huandika rsync -a kwa mazoea, lakini chaguo hilo hujaribu kuhifadhi mmiliki na ruhusa za faili, mambo ambayo FAT32 haina mahali pa kuyaweka, hivyo makosa humiminika kwenye skrini. Mimi hutumia -rt, inayonakili folda na vyote vilivyomo na kuhifadhi muda wa faili, pamoja na --modify-window=1. Chaguo hili la pili lina sababu yake: FAT huandika muda wa faili kwa hatua za sekunde 2, na bila kuiruhusu rsync ipuuze tofauti ndogo kama hiyo, inaweza kudhani kwamba faili zimebadilika na kuzinakili upya kila mara. Ninapotaka nyimbo nilizoondoa kwenye seva ziondoke pia kwenye flashi, huongeza --delete, lakini kwanza hupitisha amri nzima kwa --dry-run, yaani jaribio lisilobadilisha chochote, ili nione kitakachofutwa.

Kunakili kukiisha, seva huwa bado imeshikilia sehemu ya data kwenye kumbukumbu yake, kwa hiyo siichomoi flashi kabla amri ya umount, inayoitenganisha flashi na seva kwa usalama, haijamaliza kazi. Kisha huichomeka tena na kuendesha rsync kwa -c, inayolinganisha yaliyomo ndani ya faili. Kuichomoa kwanza ni muhimu, kwani vinginevyo ulinganisho unaweza kusoma kumbukumbu ya seva badala ya flashi yenyewe.

Ukabaki mpangilio wa nyimbo. Redio yangu haifuati alfabeti. Hufuata jinsi faili zilivyoorodheshwa kwenye jedwali la folda zao, hata kama namba za nyimbo zimeandikwa vizuri kama 01, 02 na kuendelea. Programu ya fatsort hupanga upya jedwali hilo, mradi flashi iwe imefanyiwa umount kabla ya kuiendesha. Kuhusu orodha za nyimbo, zile za M3U, yaani faili za maandishi zinazotaja mahali kila wimbo ulipo, kutoka kwenye seva zilikuwa na njia kamili za folda ambazo kwenye memori kadi hazipo, hivyo niliziandika upya zianzie pale orodha yenyewe ilipo. Redio haisomi orodha za aina hiyo, na kwa ajili yake kila orodha niliigeuza kuwa folda yenye nakala za nyimbo zake.