Jinsi tulivyofufua lupango la baba mkwe kule Katana

Kila mgeni anayefika Katana siku hizi hutazama kwanza manjanja mapya, yaani mabati ya paa la nyumba yetu. Anauliza fundi alikuwa nani, simenti ilinunuliwa wapi. Mimi humteremsha bondeni kwanza, nikamwonyesha mitaro, chemchemi na migomba. Nyumba tuliijenga mwisho, na kama tungeianza hiyo, leo tungekuwa na kuta nzuri juu ya kilima kinachobomoka.

Lupango lenyewe, yaani shamba la familia pamoja na nyumba yake, liko mashariki mwa Kongo, katika grupoma (kundi la vijiji) ya Irhambi-Katana, teritware (wilaya) ya Kabare, kama kilomita arobaini kutoka mji wa Bukavu kwa barabara ya kwenda Goma. Baba mkwe aliajiriwa zamani kwenye mashamba ya mkwinini, mti wa dawa ya malaria, na kwa mshahara wake alijenga nyumba ya tofali za kuchoma, akapanda kahawa na migomba, akafuga ng'ombe. Vita vya 1996 vilimkimbiza na familia yake. Ng'ombe waliporwa wote. Alirudi, akajaribu tena, lakini nguvu hazikuwa zile. Kisha tarehe 3 Februari 2008 likaja lile tetemeko ambalo sisi wa Bukavu hatutalisahau, ukuta wa nyuma ukapasuka kutoka juu hadi chini, na tangu siku hiyo hakuna aliyelala tena mule ndani. Mabati yaliondoka moja moja. Mikaratusi ikajiotea mpaka karibu na mlango. Mzee alimalizia maisha yake kwetu Kadutu, mtaa wa Bukavu, na kila jioni aliuliza kama mvua imenyesha Katana.

Alipofariki, ndugu wawili wa mume wangu walitaka tuuze. Sikuwalaumu. Mtu akiona korongo limekata shamba katikati, na kila mvua inaongeza, kuuza ni wazo la haki kabisa. Mume wangu ni mwalimu, mimi ninauza maharagi na unga wa muhogo sokoni, pesa za kuajiri watu hatukuwa nazo. Tuliomba. Sisi tunasali jioni nyumbani na watoto, na wakati huo tulikuwa tunasoma kitabu cha Nehemia. Pale sura ya pili, Nehemia anafika Yerusalemu, anakaa siku tatu, kisha anaondoka usiku na watu wachache kuzunguka kuta zilizobomoka, na hamwambii mtu anachotaka kufanya mpaka ameona mabomoko yote kwa macho yake. Mume wangu alifunga Biblia akasema, "Basi na sisi tuzunguke kwanza."

Msimu mzima wa mvua hatukupiga jembe hata moja. Tulikwenda Katana Jumamosi kutazama tu, mara nyingine mvua ikinyesha, na hilo ndilo ningemshauri yeyote mwenye shamba lililoachwa: nenda mvua ikiwa inanyesha. Wakati wa kiangazi kilima chote kinaonekana kizima. Mvua ikipiga ndipo unaona maji yanaingilia wapi, yanachukua njia gani, udongo mwekundu unatokea kwenye kona ipi. Sisi tuliona kwamba maji yaliyochimba korongo letu hayakutoka kwetu. Yalitoka kwenye njia ya miguu ya juu, iliyokuwa imezama mpaka ikawa mfereji, na yote yaliishia mgongoni mwa nyumba.

Tuliona pia kwamba lupango halikuwa tupu. Mama mmoja mjane alikuwa analima maharagi kwenye kipande cha chini, chenye rutuba kidogo, na binamu wa mume wangu alikuwa na migomba upande wa pili. Hapa ndipo familia nyingi za mjini zinapoharibu. Wanakuja na karatasi, wanawafukuza watu kwa askari, halafu wanashangaa kwa nini miche yao inang'olewa usiku.

Kwa desturi ya Bushi, yaani eneo letu hili, ardhi ile ilipatikana kwa kalinzi: babu alimpa mwami, mtawala wa jadi, malipo yanayomstahili, na kuanzia hapo ardhi hurithiwa kutoka baba kwenda mwana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni ya serikali, lakini kijijini kinachokulinda ni wazee wanaokumbuka kalinzi ilitolewa na nani, mbele ya nani. Wawili kati yao walikuwa hai bado. Tuliwakusanya pamoja na chefu wa kijiji, binamu, yule mjane na majirani wa mpakani. Kikao kama hicho huenda na kasiksi, pombe ya ndizi. Sisi ni watu wa kanisa la Kipentekoste, hatunywi wala hatununulii wengine pombe, na mume wangu alikuwa na wasiwasi kwamba wazee wataona tumewadharau. Tukapeleka mbuzi, sukari, chumvi na kreti za soda, akaeleza kwa heshima sababu yetu. Mzee mkubwa alicheka, akasema baba yake mkwe wangu naye alikuwa hivyo hivyo, akaomba chupa yake ifunguliwe. Tukauzunguka mpaka wa shamba lote kwa pamoja, tukapanda upya miti ya mipaka mahali ilipokufa, na chefu akaandika karatasi iliyotiwa saini na mashahidi wote. Binamu alibaki na migomba yake upande ule. Mjane tulimwachia kipande chake alime kama kawaida. Mpaka leo analima.

Yeye ndiye aliyetufundisha. Siku tulipoanza kupima msingi wa nyumba mpya kwa kamba, alisimama pembeni na kikapu chake mgongoni, akatazama, kisha akaniambia, "Mama Mwalimu, maji yatalala ndani ya nyumba hiyo kabla yenu." Tukazikunja kamba.

Kazi ya mitaro tulianza Juni, mvua zilipokatika. Wazee wengi wa Bushi hawaipendi mitaro, kwa sababu wakati wa Wabelgiji watu walilazimishwa kuichimba, na aliyekataa aliadhibiwa. Ninawaelewa. Lakini mtaro uliochimbwa vizuri ndio unaoshika kilima. Siri ni kwamba lazima uwe sawasawa kabisa, usipande wala usishuke, la sivyo unakuwa mfereji mwingine wa kuongeza korongo. Kupima hakuhitaji chombo cha dukani. Chukua miti miwili iliyonyooka ya urefu mmoja, kama mita mbili, uifunge juu iungane, chini iachane, katikati uweke mti wa kukingama. Juu funga uzi wenye jiwe. Simamisha mahali popote, tia alama uzi unapogusa mti wa kukingama, kisha geuza miguu, mmoja uende mahali pa mwingine, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Baada ya hapo unatembea nao kwenye mteremko mguu kwa mguu, na kila uzi unapotulia katikati unapiga kijiti. Kijana wetu wa pili, ambaye shuleni hesabu zilikuwa zinamshinda, ndiye aliyeishika kazi hiyo kuliko sisi sote. Mume wangu alikuwa anamfuata nyuma na vijiti.

Mitaro tulichimba kina cha sentimita 60 hivi, udongo tukautupa upande wa juu ukawa tuta. Mvua za Septemba zilipoanza, juu ya matuta tulipanda setaria na tripsakamu, majani ambayo mizizi yake hushika udongo na ambayo baadaye ni chakula cha mifugo. Mashina tulipewa na majirani. Unapasua kichaka kimoja unapata mashina mengi, hakuna sababu ya kununua. Vijana wa kwaya ya kanisa la Katana walikuja kutufanyia salongo, kazi ya pamoja ya kusaidiana, mara kadhaa, nasi tukawapikia bugali, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (dagaa wa ziwani). Jumapili hatukugusa jembe. Kuna waliotuambia tunapoteza siku, kwa kuwa tunatoka mbali, lakini siku hiyo tuliabudu na wale wale majirani, na ninaamini ibada zile zilitulindia miche kuliko uzio.

Korongo hatukulijaza. Halijaziki. Tulipiga vigingi kukingama, safu baada ya safu, nyuma yake tukapanga mifuko ya udongo na matawi, na kandokando tukapanda mianzi. Ile njia ya juu tuliomba ruhusa kwa chefu tukaigeuzia maji pembeni. Mvua kubwa ya kwanza tulikaa Bukavu hatulali. Jumamosi tulipofika, nyuma ya kila safu kulikuwa na udongo mpya, umelala tuli. Mume wangu alipiga magoti palepale kwenye matope, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Chemchemi ya bondeni ilikuwa imebaki tope tu. Mikaratusi ilikuwa imeizunguka, na mkaratusi hunywa maji mengi. Tuliikata yote iliyokuwa karibu na maji. Kukata peke yake hakutoshi, kisiki kinachipua upya, kwa hiyo watoto walipewa kazi ya kuondoa machipukizi kila tulipofika na kumenya maganda ya visiki. Polepole maji yalirudi. Si mengi kama enzi za babu, wanavyosema wazee, lakini ndoo inajaa hata Agosti. Magogo tuliyakausha kivulini, na hayo ndiyo yaliyokuja kuwa mbao za paa. Vijiti vyembamba vikawa vya kusimikia maharagi yanayopanda.

Migomba ilikuwa na mnyauko, ule ugonjwa wa bakteria ulioharibu migomba ya Kivu tangu miaka ya 2000. Majani yanageuka njano, ndizi inaiva kabla ya wakati, ukiikata ndani imeoza. Majirani walikuwa wameshakata tamaa, wanang'oa shamba zima. Agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, alitueleza njia nyepesi, tukaifuata: unakata shina linaloumwa tu, chini kabisa kwenye usawa wa udongo, yale mengine unayaacha. Panga unalipitisha motoni kabla ya kugusa shina lingine, au unaliosha kwa javeli, dawa ya kung'arishia nguo. Na lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu unalivunja mapema kwa kijiti chenye panda, bila kutumia kisu, kwa sababu wadudu huuleta ugonjwa kupitia pale. Inahitaji kurudiarudia bila kuchoka. Binamu yule wa upande wa pili alikubali kufanya vivyo hivyo. Kama angekataa, kazi yetu ingekuwa bure, maana bakteria hawajui mpaka.

Kwa udongo hatukununua mbolea. Kando ya barabara yote ya Kabare kuna alizeti-mwitu yenye maua ya njano, tithonia, ambayo majani yake yana naitrojeni na fosforasi nyingi. Tuliikata ikiwa mbichi tukaifukia wiki chache kabla ya kupanda. Tukaongeza simbilisi. Mnyama mdogo huyu anafugwa jikoni, anakula majani ya setaria na maganda, anazaa haraka, na samadi yake ni nzuri sana. Mbuzi walifuata baadaye. Maharagi ya msimu wa kwanza yalikuwa haba, ya pili yalitushangaza.

Pesa zilitoka kwenye likelemba, mchango wetu wa zamu wa wamama wa soko. Kila zamu yangu ilipofika nilinunua kitu kimoja: mabati, au simenti, au misumari. Kwa njia hiyo nyumba ilijengwa bila deni. Tofali nzima za zamani tulizichambua na kuzitumia tena. Fundi alitaka kupandisha kuta moja kwa moja mpaka kwenye paa, tukamwambia hapana, huku ardhi inatetemeka. Tukaweka mkanda wa zege wenye vyuma juu ya kuta zote, shenaji, na kwa ajili ya huo tukasubiri zamu nyingine nzima ya likelemba. Nyumba ni ndogo kuliko ile ya baba mkwe. Inatutosha.

Katikati ya Februari 2025 vita vilipita kwenye barabara hiyo hiyo, vikachukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha Bukavu. Msimu ule tulichelewa kupanda, na mbuzi wengine hatukuwakuta. Benki za mjini zilifungwa, mshahara wa mwalimu haukuonekana. Tulikula maharagi ya Katana, na mbegu tuligawana na yule mama mjane, kwa kuwa zake zilikuwa zimeliwa na watu aliowakaribisha.

Kazi iliyobaki ni ya kahawa. Ni ile arabika ya zamani, mirefu, imejaa matawi makavu, inazaa punje chache kileleni. Tumeanza kuikata kwenye kisiki, mstari mmoja kwa mwaka, ili ichipue upya, na mstari wa kwanza umetoa machipukizi mazuri ambayo tumeyapunguza yakabaki matatu kwa kila kisiki. Mistari mingine inasubiri kiangazi.