Mtoto anaumwa kichwa na picha ya ubongo ni safi: mwangalieni macho

Mtoto anayeumwa kichwa kwa wiki kadhaa, ambaye picha ya MRI haikuonyesha uvimbe wowote, bado anaweza kuwa na shinikizo kubwa ndani ya fuvu, ugonjwa ambao madaktari huuita kwa Kiingereza idiopathic intracranial hypertension. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yangu akiwa na umri wa miaka 9, na aliyegundua ni daktari wa macho, ambaye alimulika ndani ya jicho na kukuta pale unapoingia mshipa wa fahamu pamevimba, kingo zake zimefifia, katika macho yote mawili.

Ubongo huelea katika majimaji ambayo hutengenezwa na kufyonzwa kila siku. Shinikizo la majimaji hayo likipanda, fuvu haliwezi kutanuka, na mbano hufika hadi kwenye mishipa ya fahamu ya macho. Kwa wasichana waliokwisha kubalehe, uzito uliozidi huchangia sana, lakini kabla ya balehe ugonjwa huu huwapata wavulana na wasichana kwa kiwango kinachokaribiana, wembamba wakiwemo, kwa hiyo umbo la mtoto lisimtulize mtu.

Mtoto anaweza kutapika, kuona vitu viwili viwili au kusikia mapigo ya moyo masikioni. Binti yangu alisema kwamba kila akiinama kufunga kamba za viatu, giza humjia kwa sekunde chache kisha huondoka. Wapo pia wasioumwa kichwa kabisa, hasa walio wadogo.

Kipimo kinachothibitisha ni kile ambacho wazazi tunakiogopa kuliko vyote. Alilazwa ubavu, mgongo umekunjwa, sindano ikaingizwa kiunoni, na daktari akasimamisha mrija mwembamba ili aone majimaji yatapanda hadi wapi. Kwa watoto, zaidi ya sentimita 28 huhesabiwa kuwa juu, au 25 kwa asiye mnene ambaye hakupewa dawa ya usingizi; yake yalifika 34. Kabla ya hapo walikwisha kuhakikisha kwamba hakuna damu iliyoganda katika vena za ubongo, wakauliza pia kuhusu tetrasaiklini (dawa ya kuua bakteria), vitamini A nyingi na dawa za steroidi zilizoachwa ghafla, kwa kuwa hizo ni sababu zinazojulikana.

Alianzishiwa asetazolamidi, ambayo hupunguza utengenezaji wa majimaji hayo. Vidole vilimfanya ganzi na soda ikapoteza ukali wake mdomoni, mambo ambayo ni ya kawaida kwa dawa hiyo. Watoto wengi hupata nafuu kwa dawa, ingawa macho yakizidi kuharibika upasuaji huhitajika, na uoni uliopotea huenda usirudi.

Mzazi mwenzangu, usiridhike mtoto akisoma herufi zote za ubaoni, kwa sababu uoni wa pembeni ndio hutangulia kupotea. Omba apimwe upana wa uoni kila anaporudi kliniki.